Alikuwa na ujuzi, si huruma tu

Mazishi ya mwanamke aliyeshughulikia watoto wa wenzake maisha yake yote yana maneno yake yaliyozoeleka. Alikuwa na roho safi. Alikuwa mama wa wote. Mungu alimjalia huruma ambayo wengi wetu hatuna. Mchungaji husema hivyo, chifu husema hivyo, majirani huitikia, na hakuna anayedanganya. Lakini mwaka huu, baada ya kuyasikia maneno hayo tena juu ya jeneza la mwanamke niliyemfahamu hapa Nakuru, nilibaki na uchungu mwingine juu ya ule wa msiba. Kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa imegeuzwa kuwa tabia.

Mhandisi akifa tunataja barabara alizojenga. Mwalimu mkuu akifa tunataja shule aliyoikuta na shule aliyoiacha. Mwanamke aliyewarudisha watoto kwa jamaa zao, akawatafutia vyeti vya kuzaliwa, akasimama nao mahakamani na kuwazuia ami zao wasiuze mashamba yao, huyo tunamtajia moyo. Hapo ndipo tunapoharibu, kwa sababu moyo haufundishiki. Ikiwa aliyoyafanya yalitokana na huruma aliyozaliwa nayo, basi hakuna haja ya kumwandaa wa kuirithi kazi yake, hakuna haja ya kumlipa aliyeko, na serikali haina la kujibu. Linalobaki ni kumwomba Mungu atuletee mwingine kama yeye.

Familia imeomba jina lake lisiandikwe, kwa hiyo nitamwita Mama, kama alivyoitwa na kila mtu kuanzia Kivumbini alikoishi hadi soko la Wakulima alikokuwa na kibanda cha mboga. Alikomea darasa la saba, enzi za CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi. Aliingia katika shughuli za watoto kupitia kikundi cha akina mama wa kanisa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha akawa mmoja wa wale wajitolea ambao ofisi ya watoto huwategemea mitaani. Ni watu wanaojua mtoto wa nyumba gani hajaonekana shuleni, na ambao polisi huwapigia simu saa tano za usiku wakiwa na mtoto kituoni asiye na wa kumdai.

Kazi yenyewe huielewi mpaka uielewe Nakuru. Huu ni mji wa njia panda. Reli inagawanyika karibu na hapa, mkono mmoja ukielekea Kisumu na mwingine Eldoret hadi mpakani Malaba. Barabara nazo hivyo hivyo, zikifika Mau Summit zinaachana. Mtoto anayetoroka kwao Vihiga au Siaya akiiwaza Nairobi, mara nyingi safari yake hukatikia hapa: utingo amemgundua chini ya turubai, au lori limefika mwisho wa safari, au njaa imemshusha. Akishuka hukutana na wenzake, na wenzake humwonyesha Gioto, jaa la taka lililo upande wa mtaa wa London, ambako vyuma na plastiki havikosi mnunuzi. Wiki chache baadaye ana chupa ya gundi puani na jina jipya.

Kila mtu hujua kumuuliza mtoto kama huyo swali moja: kwenu ni wapi? Mtoto wa miaka sita hana jibu la swali hilo. Kwao ni kwa nyanya. Kwao ni karibu na kwa fundi wa baiskeli. Mwingine anajua vizuri lakini hasemi, kwa kuwa kilichomtoa huko bado kiko huko. Mama hakuwa akiliuliza. Alimkalisha mtoto kibandani, akampa sukuma wiki za kuchambua, na mazungumzo yakaenda taratibu huku mikono ikifanya kazi. Maji mnachota mtoni au kwenye bomba, na ukienda kuchota unapanda au unateremka? Sweta ya shule yenu ni rangi gani? Siku ya soko nyanya akienda hukuacha na nani? Usiku ukiwa umelala unasikia nini?

Nilikuwepo siku moja alipokuwa na mvulana aliyeletwa kutoka mahali malori yanapoegeshwa. Chakula kilipoandaliwa, mvulana aliutazama ugali mweupe akauliza leo kuna sherehe gani. Mama hakucheka wala hakumuuliza kitu. Alinieleza baadaye, tukiwa tunafunga kibanda: huyu kwao ugali wa kila siku ni ule wa kahawia, wa mhogo na wimbi, na ugali wa mahindi matupu hupikiwa wageni. Kwa swali hilo moja la mtoto alikuwa ameshaiondoa sehemu kubwa ya nchi. Jioni mvulana akasema kwamba kwao malori hulala barabarani usiku kwa foleni ndefu, na madereva huteremka wakapika chai pembeni. Foleni ya namna hiyo iko mpakani, Busia au Malaba. Ikabaki lugha. Hakumuuliza ni kabila gani, kwa sababu swali hilo katika mji huu lina historia mbaya na watoto wanaijua. Alimwomba amwimbie wimbo wanaoimba kanisani. Mvulana akaimba Kiteso. Kesho yake chifu mmoja wa upande wa Malaba alikuwa ameshapigiwa simu, na wiki haikuisha kabla nyanya hajapatikana.

Kulikuwa na msichana aliyekuwa akirudia tu kwamba kwao kuna taa nyingi ndani ya maji. Watu wazima waliomsikia walidhani amechanganyikiwa. Mama alielewa kwamba anasimulia habari za wavuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ambao huingia ziwani usiku wa giza na taa zao, na iliyobaki ikawa kazi ya kuutafuta ufuo. Mwingine alikumbuka kwamba matatu ilipita jiwe linalolia. Hilo kila anayesafiri kati ya Kisumu na Kakamega analijua, liko Ilesi.

Nani atanionyesha huruma inayotofautisha unga wa Teso na unga wa Trans Nzoia? Hii ni elimu, na aliikusanya kwa miaka mingi katika soko lenye wanawake wa kutoka kila pembe ya nchi. Akikwama, alimwita jirani wa kibanda cha tatu anayetoka Bungoma, au muuza samaki wa kutoka Bondo, akamwambia msikilize mtoto huyu anavyotamka maneno. Wale wanawake walikuwa kamati yake, ingawa hakuna aliyewahi kuwaandikia barua ya kuwateua.

Tena kumpata nyanya ilikuwa ndiyo nusu rahisi ya kazi. Mtoto hatoroki bure. Mama alikuwa na desturi ya kwenda nyumbani kwa mtoto mara tatu: ya kwanza peke yake, ya pili akiwa na mtoto, ya tatu baada ya muhula mmoja wa shule kupita. Safari ya kwanza ndiyo iliyoamua kama ya pili itakuwepo. Akifika, baada ya salamu na chai, swali lake kwa wazee wa ukoo halikuwa kama wanampenda mtoto. Aliuliza: shamba la baba yake linalimwa na nani?

Aliyeishi magharibi mwa Kenya katika miaka ya Ukimwi anajua kwa nini aliuliza hivyo. Rais Moi alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, Nyanza ilikuwa tayari na maboma yaliyobaki na nyanya na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa kimezikwa nyuma ya nyumba. Hata mwaka 2018, dawa zikiwa zimekwisha kuenea, utafiti wa kitaifa ulikuta maambukizi ya watu wazima Homa Bay yakiwa asilimia 19.6 na Kisumu 17.5, huku wastani wa nchi ukiwa 4.9. Yatima mwenye ekari mbili ni tajiri machoni pa ami yake. Watoto wengi waliofukuzwa kwa kuitwa wezi, au wakaidi, au wenye mkosi, walikuwa wanafukuzwa kwenye ardhi. Sheria ya urithi inamtambua mtoto, lakini mtoto wa miaka saba hajui kuna sheria, na nyanya yake anamwogopa mwanawe mwenyewe.

Mama aliwaomba wazee waonyeshe mipaka mbele ya chifu, mkonge ukapandwa pale pale, na akaandika majina ya waliokuwepo. Hakudhani kwamba mstari wa mkonge utashinda kesi. Alijua tu kwamba mtu aliyeuonyesha mpaka kwa mkono wake, watu wakimtazama, hupata shida sana kuuhamisha usiku. Nimesoma ripoti nyingi za mashirika kuhusu haki za yatima kurithi, na sijakutana na mbinu iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Safari ya tatu ndiyo iliyosahaulika kabisa katika hotuba za mazishi. Ofisi nyingi hufunga faili siku mtoto anapokabidhiwa. Picha hupigwa, nyanya hulia, gari huondoka. Mama alisema mtoto hajarudi mpaka shule imefunguliwa mara mbili na bado yupo. Katika safari hiyo ya tatu ndipo alipogundua kwamba cheti cha kuzaliwa hakijapatikana kwa sababu mama mzazi alifariki bila kitambulisho, au kwamba nyanya hajaandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, ambao ungempa shilingi 2,000 kwa mwezi, au kwamba mtoto amepelekwa kuchunga ng'ombe wa mtu. Mambo hayo hayana mvuto wa kuyasimulia jukwaani. Lakini mtoto anayekosa cheti leo anakosa nafasi ya mtihani kesho, na anayekosa mtihani ndiye atakayeonekana tena Gioto.

Sasa tuje kwenye sera, kwa sababu maisha ya mwanamke huyu yanapimika vizuri yakiwekwa kando ya yale serikali iliyokuwa ikifanya na kutofanya. Chama cha ustawi wa watoto cha Kenya kilianzishwa mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni, watoto wakiwa wametawanyika na wazazi wakiwa vizuizini. Kwa hiyo wazo kwamba mtoto aliyepotezana na wazazi ni jukumu la umma si geni kwetu. Kilichotokea kuanzia miaka ya 1990 ni kwamba jukumu hilo liliachiwa yeyote mwenye kiwanja na mfadhili. Ukimwi uliongeza yatima, mapigano ya kikabila ya Molo na Olenguruone yakaongeza waliopotezana na wazazi, na makao ya watoto yakachipuka kila kona, mengine mazuri, mengine ya kutisha. Wafadhili walilipa kwa hesabu ya vitanda. Ukilipia vitanda, utapata watoto wa kuvijaza.

Mama aliliona hilo mapema na alilichukia. Alikuwa akisema kwamba nusu ya watoto waliokuwa katika makao aliyoyajua wana nyanya, wana shangazi, wana hata baba anayefanya kibarua Njoro, na kilichowapeleka huko ni karo na sahani ya chakula. Mzazi maskini hakumtupa mtoto. Alimpeleka mahali palipokuwa na bweni na shule, akadhani amemsaidia. Baada ya miaka kumi kijana alitoka hapo hajui lugha ya kwao, hajui mazishi ya kwao yanakwendaje, hana mtu wa kumsindikiza kwenda kuposa. Aliona kwamba pesa zinazomtunza mtoto mmoja bwenini, zikigawanywa vizuri, zinaweza kuwaweka ndugu watatu kwa shangazi yao.

Nchi ilikuja kukubaliana naye, ingawa haikumtaja. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaipa familia na jamaa nafasi ya kwanza, ikatambua malezi ya jamaa na kafala, yaani kulea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, na ikapandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai hadi miaka 12. Mkakati wa kitaifa wa kubadilisha mfumo wa malezi unakwenda kutoka 2022 hadi 2032, na Kisumu ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Nilipomsomea baadhi ya vipengele vya sheria hiyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza nani atakwenda safari ya kwanza.

Swali hilo lilikuwa zito kuliko nilivyolipokea siku ile. Bweni linahitaji mlinzi mmoja kwa watoto 40. Kuwarudisha watoto hao 40 majumbani kunahitaji watu wanaojua kuuliza, kusafiri, kukaa na wazee, kusoma uso wa mtoto anapotajiwa jina la mjomba fulani. Tumepitisha sheria inayohitaji mamia ya wanawake kama Mama, na tumepanga kuwapata bure.

Na lazima wawe wanaojua, kwa maana nyumbani si salama kwa kila mtoto. Watu wenye shauku ya kufunga makao yote haraka hulipitia hili juu juu, na hunitia hofu. Mama aliithamini familia kuliko yeyote niliyemfahamu, na ndiyo sababu hakuiamini kwa upofu. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita ambaye ukoo mzima ulikuja Nakuru kumchukua, wakiwa na mchungaji wao na barua ya chifu wao. Kila kitu kilikuwa sawa kwenye karatasi. Mama aliona kwamba msichana alipoambiwa aende kupanda gari alikwenda kukaa upande wa dereva, mbali kabisa na ami yake, na kwamba nyanya alikuwa akitazama chini. Aliomba siku mbili. Yaliyotoka katika siku hizo mbili yalikwenda dawati la jinsia la polisi na kisha mahakamani, kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Wazee walikuwa wameshaketi wakaamua mbuzi na pesa, mambo yaishe nyumbani. Alikataa mbele yao. Alitukanwa na watu wa kabila lake mwenyewe kwamba anavunja boma. Msichana alilelewa na familia isiyo ya damu yake, huko eneo la Bahati, na Mama aliendelea kwenda kumwona mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Mkono ule ule uliomrudisha mvulana wa Malaba ndio uliomzuia msichana huyu. Huwezi kuandika kanuni inayotoa majibu yote mawili. Unahitaji mtu aliyefundishwa na aliyezoea, mwenye mamlaka ya kusema ngojeni siku mbili na akasikilizwa. Yeye alikuwa na uzoefu. Mamlaka alijitengenezea mwenyewe kwa kuheshimiwa, na hilo ni jambo la kutuaibisha, kwa sababu angekuwa mwenye sauti ndogo kidogo tu, msichana angepanda gari lile.

Januari 2008 ndipo nilipoona thamani ya uzoefu huo kwa macho yangu. Vita vya baada ya uchaguzi vilivyoua zaidi ya watu 1,100 nchini vilifika Nakuru mwishoni mwa mwezi, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya maelfu. Watoto walifika bila wazazi, wengine wameshikwa mkono na mtu waliyekutana naye njiani. Wakaja pia watu wenye nia njema na magari, wakitaka kuwachukua watoto wawapeleke mahali pa usalama. Mama alisimama langoni na daftari. Hakuna mtoto aliyepita mbele yake bila kuandikwa: amekuja na nani, anachukuliwa na nani, anapelekwa wapi, amevaa nini. Aliitwa mkaidi, aliambiwa huu si wakati wa karatasi. Miezi ilipopita na wazazi wakaanza kujitokeza kutoka Eldoret, Kericho na Kisumu wakiuliza, karatasi ndizo zilizowapata watoto. Miaka kumi baadaye bwawa la Solai lilipopasuka, tarehe 9 Mei 2018, likaua watu wasiopungua 47, wengi wao watoto, alikuwa ameshaanza kuumwa miguu. Alituma vijana wawili na maagizo ya mistari minne. Mstari wa kwanza ulisema andikeni kabla ya kugawa blanketi.

Wanawake wa magharibi mwa Kenya walioingia kwenye vitabu vya historia waliingia kwa mlango wa siasa, na nawaheshimu. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965 na mbunge mwaka 1969. Phoebe Asiyo wa Karachuonyo, aliyefariki Julai 2025, aliongoza chama cha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1958, alikuwa afisa wa magereza kabla ya kuwa mbunge, na mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kuwapa wanawake nafasi zaidi, ikaangushwa. Tunayajua hayo kwa kuwa bunge lina kumbukumbu na baraza la mji lina kumbukumbu. Kazi ya mtaani haina wa kuinakili, basi anayeifanya hubaki kuwa "mama mwenye huruma" katika vinywa vya waliomjua, na wakiondoka hao, hana hata hilo.

Suala la malipo watu hulikwepa kwa adabu, nami nalisema waziwazi. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, wamepangiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wamepewa mikoba na simu. Zamani nao walikuwa wajitolea, na nao waliambiwa thawabu yao iko mbinguni. Wajitolea wa watoto ninaowajua hapa Nakuru bado wananunua vocha za simu kwa pesa zao. Ukiuliza kaunti, utaambiwa huduma za watoto ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli, idara iko huko. Ukiuliza serikali kuu, utaambiwa kaunti ndizo zilizo karibu na wananchi, na hata Jedwali la Nne la Katiba limezipa elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Nalo ni kweli. Posho ya afya imeonyesha kwamba serikali mbili zinaweza kugawana bili moja zikitaka. Sijaona sababu ya kwa nini mtu anayepima shinikizo la damu nyumba kwa nyumba alipwe, na anayemtafutia mtoto ukoo wake asilipwe, isipokuwa kwamba ya pili tumeizoea kama kazi ya mama.

Waliomlipia Mama ni watoto wake mwenyewe. Binti yake mkubwa aliniambia bila chuki kwamba waliwahi kukosa sare mpya mwaka mzima kwa sababu nauli ya Busia ilikuwa imekwenda mara mbili. Kitanda chao mara nyingi kilikuwa na mtoto wa tatu wasiyemjua. Mume wake, fundi wa reli, alivumilia, na siku nyingine hakuvumilia. Yeye binti anajivunia mama yake. Lakini alisema hatamruhusu binti yake afanye kazi hiyo hivyo hivyo, na ninamwelewa. Tukiendelea kuiendesha huduma ya watoto kwa kuwatoza watoto wa anayeihudumu, tutakosa wa kuirithi, na kosa halitakuwa la vijana.

Ameacha sanduku la bati lenye madaftari. Watu wazima wameshaanza kuja Kivumbini kuyaulizia. Kijana mmoja wa Kaptembwo anataka kitambulisho cha taifa, na ofisini ameambiwa alete nakala ya kitambulisho cha mzazi. Hana mzazi anayejulikana, na yote yanayofahamika kuhusu anakotoka yako katika ukurasa mmoja wa mwandiko wa Mama. Katika familia kuna anayetaka madaftari yachomwe, kwa kuwa yana siri za nyumba za watu, na kuna anayetaka yanakiliwe yawekwe wazi ili dunia ijue. Mimi siungi mkono lolote kati ya hayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na siri za mtoto ni za mtoto hata akiwa na miaka 35. Yaorodheshwe, yakabidhiwe ofisi ya watoto kwa maandishi, na kila mmoja aonyeshwe ukurasa wake tu.

Lakini mwandiko ule una vifupisho vyake, na anayevijua vyote ni msichana wa kibanda cha jirani, aliyesafiri na Mama katika miaka ya mwisho kumbebea mkoba. Kwa sasa anashughulikia kesi tatu peke yake. Ofisi ikiyapokea madaftari bila kumwajiri huyo, itakuwa imepokea karatasi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi hukaribishwa kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Wanawake wa soko la Wakulima wameamua kupeleka yao kwa maandishi, kwa kaunti na kwa idara ya serikali kuu. Wameandika kazi yenyewe ni nini, mtoto mmoja anachukua siku ngapi, gharama ya vocha, posho ya shilingi 5,000 kama wenzao wa afya, na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili. Walinipa niipitie kabla haijapigwa chapa. Niliongeza nauli ya safari ya tatu, ile ambayo Mama alikuwa akiilipa kwa mauzo ya sukuma wiki.